Wagonjwa wetu hawalipii mwezi wa pili: nibadilishe ukurasa wa malipo au kuna jambo jingine?

SWALI: Mimi ni mbunifu wa skrini katika kampuni ndogo hapa Mombasa. Tunatoa huduma ya daktari kwa simu na kuwapelekea watu dawa za presha na sukari nyumbani, kwa shilingi 1,500 kwa mwezi, zinazolipwa kwa M-Pesa. Mwezi wa kwanza watu wanalipa bila shida, mwezi wa pili wengi wanapotea. Bosi ameniagiza niutengeneze upya ukurasa wa kulipia: kitufe kiwe chekundu badala ya kijani, kuwe na saa inayohesabu kurudi nyuma, na kiungo cha kujitoa kifichwe ndani kabisa ya mipangilio. Moyo unasita. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye kumbukumbu za malipo. Skrini utaifikia baadaye, na huenda ukakuta sehemu kubwa ya tatizo haiko kwenye skrini kabisa.

Kurasa nyingi tunazoziiga zimetoka Marekani na Ulaya, ambako mteja huandika nambari ya kadi yake mara moja, kisha kampuni inajikatia kila mwezi. Kule asiyefanya lolote anaendelea kulipa. Kwenu asiyefanya lolote ameshatoka. Ombi la M-Pesa linapochomoza kwenye simu, ni lazima mtu ashike simu, asome, aweke PIN. Kila mwezi anaamua upya, na kila mwezi kuna vitu kumi vinavyoweza kumzuia kabla hajafika kwenye PIN hiyo. Ndiyo maana agizo la bosi wako la kuficha kiungo cha kujitoa linanichekesha kidogo. Mnaficha mlango katika nyumba isiyo na ukuta. Anayetaka kuwaacha hahitaji kiungo, anaiacha simu mfukoni tu.

Basi mwombe mhandisi wenu akutolee maombi yote ya malipo yaliyoshindikana katika miezi mitatu iliyopita, pamoja na nambari ya jibu ambayo Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hurudisha kwa kila ombi. Nina hakika hizo nambari mnazo na hakuna aliyewahi kuzitazama. 1 maana yake salio halikutosha. 1032, mtu ameghairi mwenyewe. 1037, simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu kwa wakati. 2001, PIN imekosewa. 1001, kuna muamala mwingine bado unaendelea kwenye laini hiyo hiyo. Hao ni watu watano wenye hali tano tofauti, na nadhani nyote mnawaonyesha sentensi moja: "Malipo yameshindikana, jaribu tena." Mwenye salio dogo akijaribu tena atashindwa tena, na mara hii ataona aibu. Huyo anataka kuambiwa, "Salio halikutosha. Tukukumbushe lini?" halafu achague siku. Wa 1037 huenda alikuwa mahali pasipo na mtandao. Mpelekee meseji jioni. Wa 1032 peke yake ndiye aliyesema hapana, na hata yeye huenda alikuwa amekaa kwenye matatu, jirani yake anachungulia skrini, hakutaka kuandika PIN mbele ya watu.

Nilijifunza haya kwa kukaa na watu. Siku moja nilikuwa Likoni, kwa mama mmoja wa makamo mwenye presha, nikamwomba alipie mwezi wake huku mimi nikitazama tu. Alibonyeza kitufe, ombi likachomoza. Akaanza kutafuta miwani. Miwani ilikuwa juu ya friji. Alipoivaa, ombi lilikuwa limeshajifunga. Akabonyeza tena, safari hii miwani usoni, akaweka PIN. Meseji ya M-Pesa ikaingia kwamba pesa zimetoka. Lakini ukurasa ule ulikuwa bado unazungusha kile kiduara chake, kwa sababu taarifa kutoka kwa Safaricom ilichelewa kufika kwenye seva. Baada ya kuzunguka weee, ukurasa ukasema malipo hayakukamilika. Mama akanitazama mimi, akaitazama simu, akasema, "Basi labda ile imekwenda kwa wengine," akalipa tena. Shilingi zake zilikatwa mara mbili, na kuzirudisha kulichukua siku tisa na simu nne. Mwezi uliofuata hakulipa. Kwenye ripoti ya kampuni ile aliandikwa "mteja aliyepoteza hamu".

Dawa ya hilo si rangi ya kitufe. Kabla ya kutuma ombi, ukurasa uweke neno: "Tayarisha PIN yako. Ombi likifika utakuwa na kama dakika moja." Ombi likishatumwa na jibu halijarudi, usiseme limeshindikana. Sema, "Tunasubiri M-Pesa ituthibitishie. Kama umepata meseji ya M-Pesa, usilipe tena, sisi tutaiona." Seva yenu nayo isikae kungoja tu, iulize Daraja yenyewe muamala umefikia wapi. Uweke pia kisanduku ambamo mtu anaweza kuandika ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi, ili aliyelipa asibishane na mashine. Na pesa za pili zikiingia kwa bahati mbaya, mfumo uziweke kuwa za mwezi ujao na umwambie mwenyewe saa ile ile, huku ukimpa chaguo la kurudishiwa. Mkifanya haya tu, kisha msifanye jingine lolote mwaka huu, mtakuwa mmefanya kazi.

Jambo dogo lakini linaudhi: msitume ombi la PIN bila mtu kuliomba. Nimeona huduma zinazorusha ombi saa kumi na mbili asubuhi, mtu hajanawa uso. Watu wetu wameonywa kuhusu matapeli hadi wamechoka, halafu nyinyi mnawazoesha kuweka PIN kwenye kitu kilichochomoza chenyewe. Tangulizeni meseji. Ombi lije baada ya mtu kusema ndiyo.

Sasa hiyo meseji. Sijaiona yenu, lakini naweza kuikisia: "Mpendwa mteja, muda wa usajili wako umekwisha. Tafadhali huisha usajili wako sasa ili uendelee kufurahia huduma zetu." Hakuna mtu chini ya jua anayefurahia vidonge vya presha. Na "huisha usajili" ni lugha ya fomu. Mtu akiongea na mwenzake husema "nimelipia", "sijalipia", "imeisha lini". Isitoshe, meseji hiyo imekuja baada ya muda kwisha, haisemi bei, haisemi tarehe, haisemi kitu gani kitaletwa. Mimi ningeandika hivi, siku tano kabla: "Bi Amina, kifurushi chako kinaisha Alhamisi tarehe 14. Cha mwezi ujao ni sh 1,500, tutakileta Jumatano. Kulipa jibu 1. Kubadilisha siku jibu 2. Kusimamisha jibu 3. Kujibu ni bure." Hilo la "bure" liwe kweli, mhakikishe gharama ya jibu iko kwenu. Asiye na simu janja naye anaweza kulijibu, hata kama hafungui ukurasa wenu wowote.

Utaona nimeandika "kifurushi" na sikutaja dawa. Hapo nataka nikae kidogo, maana katika huduma ya afya hapa ndipo watu huumia. Angalia ni nani anayelipa. Bila shaka mtakuta wengi wa wagonjwa wenu hawajilipii. Anayelipa ni binti aliyeko Nairobi, au kijana aliyeko Doha anayemtumia dada yake pesa ili alipe. Ombi la M-Pesa linaonyesha jina la biashara yenu na ile nafasi ya nambari ya akaunti, ambayo haizidi herufi 12. Meseji ya uthibitisho baadaye hubeba jina hilo na akaunti hiyo hiyo, na hukaa kwenye simu ya mlipaji miaka. Wahandisi wakiachiwa wajaze wenyewe, huweka kitu kinachowasaidia wao, kwa mfano SUKARI-0412. Leo mna presha na sukari, kesho mtaongeza dawa za uzazi wa mpango au za virusi, na shemeji atakuwa amejua asilopaswa kujua kwa kusoma meseji ya pesa. Akaunti iwe nambari isiyosema kitu. Mfumo utenganishe mgonjwa na mlipaji tangu mwanzo: mlipaji anapata bei, tarehe na risiti, mgonjwa peke yake anapata yanayohusu dawa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini hata sheria isingekuwepo, siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa.

Kuwatenganisha kutawaletea pia pesa. Mgonjwa akipata kikumbusho na mlipaji hana habari, mgonjwa anaanza kuona haya kumpigia mwanawe kila mwezi. "Nitamwambia kesho." Kesho inakuwa wiki. Mpeni mlipaji kikumbusho chake mwenyewe, mgonjwa akiwa ameridhia, na mgonjwa aambiwe tu, "Mwezi ujao umeshalipiwa." Nadhani mtashangaa.

Tarehe nazo. Hesabu vidonge kwenye boksi. Dawa nyingi za presha huja kwa boksi la 28, nyingine la 30. Kama mnatoza kwa mwezi wa kalenda na mnapeleka boksi moja la 28, basi kwa mwaka mnapeleka vidonge 336 kwa mwaka wenye siku 365. Mgonjwa anayemeza kimoja kila siku, kama daktari alivyomwambia, anabaki siku 29 bila dawa, na kila mwezi anakaa siku mbili tatu akiwa ameishiwa huku ukurasa wenu unamwambia bado yuko ndani ya muda. Akienda kwa kemisti wa mtaani kununua cha kuziba pengo, anagundua bei, anafanya hesabu zake, na huko ndiko anakobaki. Muda uhesabiwe kwa dawa, si kwa kalenda. Ukurasa uandike "Vidonge vyako vinatosha hadi tarehe 14". Tena muulize mtu pesa zake huingia lini: mwenye mshahara ni mwisho wa mwezi, mwenye kibanda ni kila siku, mvuvi ni bahari itakavyo. Wa kila siku mruhusuni atume shilingi 50 au 100 anapopata, zihifadhiwe kama salio lake hadi zifike 1,500. Kwa sasa nina wasiwasi kwamba akituma 700 mfumo wenu unazikataa, au, vibaya zaidi, unazipokea na kunyamaza.

Kuna mtu mwingine ambaye halipi kwa sababu "bado ninavyo vidonge". Huyu asipelekwe kwa watu wa mauzo. Kama mlimpelekea vya siku 28 na siku ya 30 bado anavyo kumi, ameruka siku. Kwa nini? Huenda anavigawa na mumewe. Huenda amlodipine imemvimbisha miguu, au enalapril imempa kikohozi kikavu kisichokwisha, au metformin inamvuruga tumbo. Yote hayo yanajulikana, na mengi daktari anaweza kuyatengeneza kwa kubadilisha dawa au kipimo. Huduma ya filamu ikiona mteja hajalipa, imepoteza mteja. Nyinyi mkiona hajalipa, huenda mmepata dalili. Kwa hiyo pale anapojibu 3, au anapopita siku tatu bila kulipa, muulizeni swali moja fupi lenye majibu manne: pesa hazijapatikana, dawa zimebaki, dawa zinanisumbua, nimepata huduma kwingine. La pili na la tatu liende moja kwa moja kwa muuguzi, ampigie siku hiyo hiyo. Ningekuwa na pesa ya kufanya jambo moja tu zaidi ya kurekebisha yale malipo, ningelifanya hili.

Na mtu akijibu kwamba pesa hazijapatikana? Msizime kila kitu usiku wa manane. Gawanyeni huduma kwa gharama yake. Kumwacha aone rekodi zake na cheti cha daktari hakuwagharimu chochote, tena ni taarifa zake na sheria inampa haki ya kuziona, kwa hiyo hilo lisifungwe kamwe, hata akae mwaka hajalipa. Aweze kwenda na cheti hicho kwa kemisti yeyote. Kumpigia daktari kunawagharimu kidogo. Mwachieni wiki moja. Dawa zinagharimu sana, hizo zingoje malipo, ila mwambieni wazi hivyo, na mwambieni kwamba asikatishe dawa ghafla huku akisubiri, aende hospitali ya karibu. Saa ya bosi inayohesabu kurudi nyuma itupeni. Mtu mwenye presha mnamwekea saa ya kumtisha, halafu mnampima presha!

Kuhusu kujitoa, mpelekee bosi mfano huu. Aprili 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza amri dhidi ya Cerebral, kampuni iliyokuwa ikitoa huduma ya afya ya akili mtandaoni kwa malipo ya kila mwezi. Iliwashtaki kwa mambo mawili: kuzitoa taarifa za wagonjwa kwa makampuni mengine kwa ajili ya matangazo, na kuwahangaisha wateja waliotaka kujitoa kwa hatua nyingi zilizoweza kuchukua siku kadhaa. Jumla ya malipo ilizidi dola milioni 7, na zaidi ya milioni 5 kati ya hizo zilikuwa za kurudishiwa wateja kwa sababu ya huko kujitoa. Hao walikuwa na kadi za watu mikononi, waliweza kukata pesa. Nyinyi hata hilo hamna. Mtabaki na lawama bila pesa. Kiungo cha kujitoa kikae wazi chini ya kitufe cha kulipa, na kando yake "Simamisha kwa muda", kwa anayesafiri au aliyelazwa.

Weka pia njia ya kusema kwamba mgonjwa amefariki. Najua halipendezi kuliandika kwenye mchoro. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katika timu ya huduma moja ya afya, jina tuliache. Tulikuwa na meseji ya kuwavuta waliopotea, mimi ndiye niliyeiandika, na nilijiona hodari: "Tumekukumbuka! Rudi leo upate punguzo." Ikarudi meseji kutoka kwenye simu ya mama mmoja: "Mimi ni bintiye. Mama tulimzika Ijumaa. Msitume tena." Kijana wa huduma kwa wateja alimwandikia pole nzuri sana. Lakini kwenye mfumo hapakuwa na mahali pa kuandika jambo hilo, mama alibaki "aliyepotea", na Jumatatu iliyofuata meseji ikaenda tena. Safari hiyo binti hakuandika, alipiga simu. Nilikuwa karibu, nikaisikia sauti yake kupitia simu ya mwenzangu. Tangu hapo kila mfumo ninaouchora una kile kitufe, kikibonyezwa meseji zote zinakoma, salio linarudi kwa aliyelipa, na hakuna anayemuuliza sababu.

Bosi atauliza kama hakuna njia ya malipo kujiendesha yenyewe. Ipo: tangu Oktoba 2024 Safaricom wana M-Pesa Ratiba, ambayo mteja hupanga malipo yajirudie kwa tarehe anayoitaka. Itoeni kama chaguo kwa mlipaji, hasa yule binti wa Nairobi mwenye mshahara, baada ya kulipa kwa mkono mara mbili tatu na kuwaamini. Msimwekee siku ya kwanza. Na aliyepanga Ratiba bado apate ile meseji siku tano kabla, yenye bei na njia ya kusimamisha. Pesa za mtu zisiondoke akiwa hana habari.

Mpangilio wa kazi ningeuweka hivi. Wiki ya kwanza soma zile nambari za majibu, na uende ukakae na wagonjwa watano nyumbani kwao wakilipa; usiwasaidie hata wakikwama, iume ulimi. Wiki ya pili na ya tatu rekebisha kusubiri uthibitisho na sentensi za makosa. Kisha meseji ya siku tano kabla. Kutenganisha mlipaji na mgonjwa kutachukua muda mrefu zaidi kwa sababu kunagusa hifadhidata, anzeni mapema. Katika ripoti ya kila mwezi, pamoja na idadi ya waliolipia tena, andika siku ambazo wagonjwa walikaa bila dawa, na idadi ya waliokatwa mara mbili. Bosi akiziona nambari hizo tatu kwenye mstari mmoja mtaongea lugha moja.

Kitufe kiache kijani.